Kuhara Damu na Dawa Zake: Tangu Tokyo 1897 hata Goma 1994

Mwaka mumoja, wakati wa likizo kubwa, museminari wa parokia yetu alinikuta ninagawa kinini nyuma ya Misa. Katika kabati ya nyumba ya mapadri mulikuwa boksi ya dawa, zawadi ya wafazili, na ndani yake tetrasiklini nyingi, zile ambazo watu wetu wanaziita tetra. Mama mumoja alikuja na watoto watatu wenye kuhara. Nilimupa kinini kumi na mbili. Wengine walikuwa wanangojea mulangoni, sikuweza kumuongezea. Alizigawanya palepale katika kitambaa chake: ine, ine, ine. Jioni, mezani, museminari akaniuliza: « Padri, kwenye lopitali wanasema tetra haiui tena mikrobi za tumbo, kwani zimekwisha kuizoea. Namna gani kitu kisicho na akili kinaweza kuzoea dawa? Nani anakifundisha? »

Nilijibu maneno mawili matatu juu ya mazoea, kama vile mutu anavyozoea pombe, kisha nikageuza mazungumuzo. Nyuma nilitafuta vitabu, nikauliza na wanganga, nikaona ya kwamba nilimudanganya kijana. Tena nikajua ya kwamba tetra haifai kwa watoto wadogo, maana inaharibu meno yao. Neno hili vilevile sikulijua siku ile. Jibu la kweli ni habari ndefu. Inaanza Japani, inapita Ulaya na Amerika, na sehemu yake moja kubwa ilipita hapa kwetu Kivu, wakati wa wazazi wetu. Nimetaka kuisimulia kwa kufuata ugonjwa mumoja tu, yaani kuhara damu.

Mwaka 1897 ugonjwa huu ulishambulia Japani. Kutoka mwezi wa Juni hata Desemba watu zaidi ya 90.000 walishikwa, na katika kila watano alikufa mumoja, hata kupita. Huko Tokyo, katika nyumba ya uchunguzi iliyoongozwa na Kitasato Shibasaburo, kijana mumoja jina lake Shiga Kiyoshi, aliyemaliza masomo ya uganga mwaka uliotangulia, alipewa kazi ya kutafuta asili ya ugonjwa. Kazi ngumu! Mikrobi katika choo cha mutu ni nyingi kupita hesabu. Namna gani kuitambua ile moja yenye kosa kati ya zile zisizo na kosa? Shiga alifikiri hivi: mugonjwa aliyepambana na adui anayo katika maji ya damu yake silaha ya kumushika adui yule. Basi, akatia maji ya damu ya wagonjwa juu ya mikrobi za namna mbalimbali, na namna moja ikashikamana vibonge vibonge. Ndiyo hiyo. Leo inaitwa Shigella kwa heshima yake. Nyuma yake ndugu zake zilipatikana vilevile, kama ile ambayo Flexner aliiona katika Filipini na kuitangaza mwaka 1900. Lakini ile ya Shiga ni mbaya kupita zote, kwa sababu inatoa sumu inayoharibu matumbo na mara nyingine figo. Tena haihitaji jeshi kubwa: mikrobi kumi ao mia tu zikiingia kinywani zinatosha kumuangusha mutu muzima. Ndiyo maana inapita kwa mikono, kwa sahani na kwa inzi, pasipo kungojea kisima kichafu.

Hapa historia inapinda njia ambayo sikuitazamia. Mwaka 1901 Shiga alikwenda Frankfurt, katika Ujeremani, kufanya kazi kwa Paul Ehrlich. Mwaka 1904 wote wawili walitangaza rangi moja nyekundu ambayo iliponya panya wenye tripanosoma, yaani vijidudu vya jamaa moja na vile vya malali. Wasomaji wetu wanajua malali ni nini: ugonjwa wa usingizi uliomaliza vijiji vizima kandokando ya Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika mwanzo wa karne ile. Lakini furaha ya Frankfurt haikuwa safi. Panya waliopewa dawa kidogo kidogo walionekana wamepona, kisha vijidudu vikarudi, na sasa dawa ileile haikuvifanya kitu. Mwaka 1907 Ehrlich alikuwa na tripanosoma zilizoshinda rangi zake, na nyingine zilizoshinda atoxyl, dawa yenye arseniki ambayo siku zilezile wanganga walikuwa wakiipiga kwa shindano hapa Kongo. Tena hali hii ilipita kwa watoto na wajukuu wa vijidudu. Wanganga wetu wanaiita kwa Kifaransa *résistance*. Mimi nitasema ukaidi, maana mutoto kaidi ni yule anayesikia fimbo na hatoki mahali pake.

Tripanosoma si bakteria, na hatupaswi kuchanganya vitu viwili. Lakini angalieni mwaka: 1907. Mbele ya penisilini, mbele hata ya dawa za sulfa, wenye elimu walikwisha kuona ya kwamba dawa inaweza kuacha nyuma yake adui mugumu kuliko yule wa kwanza. Hakuna awezaye kusema ya kwamba hatukuonywa.

Nitapita upesi juu ya miaka ya furaha, kwa sababu vitabu vya shule vinaisimulia vizuri. Dawa za sulfa zilitangazwa mwaka 1935 kwa kazi ya Mujeremani Domagk. Penisilini, ambayo Fleming aliiona katika sahani yenye kuvu huko London mwaka 1928, ilijaribiwa kwa mugonjwa wa Oxford mwezi wa Februari 1941. Kisha streptomisini mwaka 1943, kloramfenikoli mwaka 1947, tetrasiklini ya kwanza mwaka 1948. Karibu zote, isipokuwa sulfa, zilitoka kwa kuvu na kwa bakteria za udongo, ambazo zinazitengeneza wenyewe. Neno hilo mulishike, litarudi.

Maneno mawili tu ya miaka ile yanatupasa kusimama. La kwanza: mwezi wa Desemba 1940, miezi miwili mbele ya mugonjwa yule wa Oxford, Abraham na Chain walitangaza ya kwamba bakteria moja ya tumbo inayo kitu kinachovunja penisilini. Dawa haijatoka bado kwenda kwa watu, na adui yake alikwisha kuonekana! La pili: tarehe 11 Desemba 1945, huko Stockholm, Fleming aliposimama kwa ajili ya zawadi ya Nobel, alitoa kama mufano wa mutu mumoja mwenye kuumwa koo. Mutu yule anajinunulia penisilini, anakula kidogo, haiui mikrobi bali anaifanya kuwa kaidi. Kisha anamuambukiza bibi yake, na bibi anakufa kwa ugonjwa wa mapafu, sababu penisilini haimusaidii tena. Nani mwenye kosa? Fleming alimulaumu bwana. Cha ajabu, mikrobi ya koo aliyoichagua katika mufano wake ni kati ya zile chache ambazo hata leo hazijawa kaidi mbele ya penisilini. Fundi alikosea juu ya mufano, akasema kweli juu ya jambo.

Basi, turudi kwa ulizo la museminari: nani anaifundisha mikrobi?

Sisi tuliosoma filosofia tunajua usemi wa zamani: *nemo dat quod non habet*, hakuna anayetoa kile asichokuwa nacho. Dawa haina ukaidi. Namna gani itautoa? Katika miaka ya 1940 wenye elimu walishindana juu ya jambo hili. Wengine walisema mikrobi inapoguswa na dawa inajigeuza kwa kujikinga. Wengine walisema hapana, katika kundi kubwa la mikrobi mumekwisha kuwa chache zenye ukaidi, mbele dawa haijafika. Mwaka 1952 Joshua Lederberg na bibi yake Esther, huko Wisconsin katika Marekani, walikata shauri kwa kipande cha nguo. Ginsi walivyofanya ni rahisi kiasi kwamba ninaweza kuieleza hata kwa watoto wa katekismu.

Walipanda bakteria katika sahani, zikaota makundi madogo madogo, kila kundi mahali pake, kama mashamba yanavyoonekana kutoka juu ya mulima. Kisha wakachukua nguo ya velu, wakaigandamiza juu ya sahani. Nyuzi za nguo zikachukua bakteria kidogo za kila kundi. Wakaigandamiza nguo ileile juu ya sahani nyingine yenye streptomisini, kama tunavyopiga kashe ya parokia juu ya karatasi. Katika sahani ya pili karibu zote zikafa, lakini mahali fulani zikaota. Sasa wakarudi kwa sahani ya kwanza, ile ambayo dawa haikufika kamwe, wakatafuta mahali palepale, wakatwaa bakteria zake, wakazipanda upya, wakarudia tena na tena. Mwisho wakawa na bakteria kaidi kabisa, ambazo zenyewe wala wazazi wake hazikukutana hata siku moja na streptomisini. Ukaidi ulikuwamo tangu mbele. Dawa haikuuleta, dawa iliuonyesha.

Ukaidi ule wa kwanza unatoka wapi? Fikirini mwandishi wa monasteri za zamani, anayenakili kitabu usiku na muchana. Hata akiwa mutakatifu, mara moja moja atakosea herufi. Bakteria nyingi zinaweza kujigawa mbili kila dakika 20, na kila mara zinanakili maandiko yao yote ya urithi. Makosa mengi hayana maana, mengine yanaua. Mara moja katika mamilioni mengi kosa linabadili kidogo pale mahali ambapo dawa inashikilia, na dawa haishikilii tena. Mahali pasipo dawa, bakteria ile haina faida yoyote, mara nyingi ni zaifu kuliko dada zake. Lakini dawa ikija, dada wanakufa, yeye anabaki na chakula chote na nafasi yote. Kesho yake ni kundi. Wakulima wetu waliona jambo kama hili katika mihogo: ugonjwa unapiga shamba zima, mashina machache yanasimama, na mutu anapanda mwaka mupya kwa mashina yale. Ugonjwa haukuifundisha mihogo kitu, ulichagua. Dawa ni kama lungo la kupepeta. Haiumbi punje, inaamua zipi zibaki.

(Msomaji mwenye kushituka akisikia habari za kuchagua na kubadilika, akumbuke ya kwamba Papa Pius XII, katika barua *Humani generis* ya mwaka 1950, hakuwakataza wenye elimu kuchunguza mambo ya namna hii. Mimi ninaona ya kwamba sahani ya Lederberg haiondoi kitu kwa Muumba.)

Ya kwamba ukaidi ulikuwako mbele ya dawa, kuna mushuhuda mwingine, naye ni maiti. Mwezi wa Machi 1915, wakati wa vita vya kwanza, askari Mwingereza jina lake Ernest Cable alikufa kwa kuhara damu katika lopitali ya jeshi huko Wimereux, katika Ufaransa ya kaskazini, akazikwa palepale. Mukaguzi wa mikrobi, Broughton-Alcock, alikuwa ametwaa mikrobi yake, moja ya jamaa ya Flexner. Waingereza waliihifazi, na ilipoanzishwa ghala yao kubwa ya bakteria mwaka 1920, ikapewa namba 1. Karibu miaka mia moja nyuma yake waliifufua kutoka usingizi wake na kuisoma maandiko yake ya urithi. Habari ilitangazwa mwaka 2014. Mikrobi ya askari yule, aliyekufa miaka 13 mbele Fleming hajaona kuvu yake, ilikuwa kaidi mbele ya penisilini. Muwe na haki mbele ya mutu yule: hata kama penisilini ingalikuwako, haingalimuokoa. Na neno lile nililowaomba kulishika, ndilo hili: kama kuvu na bakteria za udongo zinatengeneza silaha hizi tangu zamani za zamani, ni lazima wengine katika udongo uleule wawe na ngao. Mwaka 2011 wenye elimu walitangaza ya kwamba waliona ngao hizo katika udongo wa barafu wa Kanada, wenye miaka 30.000.

Kufika hapa nilidhani nimekwisha kupata jibu. Lakini kosa la kunakili ni jambo la nadra, na kosa moja linashinda dawa moja. Namna gani basi mikrobi moja inaweza kuwa kaidi mbele ya dawa ine pamoja, tena kwa gafula? Jibu la ulizo hili lilitoka kwa inchi ya Shiga mwenyewe.

Nyuma ya vita vya pili Wajapani walikuwa na kuhara damu kwingi, wakatumia sulfa kwa wingi vilevile. Miaka michache tu, sehemu kubwa ya mikrobi za Shigella hazikusikia sulfa tena. Wakashika streptomisini, kloramfenikoli, tetrasiklini. Mwaka 1955 mwanamuke mumoja Mujapani alirudi kutoka Hong Kong na kuhara damu kusikopona. Mikrobi yake ilikuwa kaidi mbele ya dawa zote ine kwa mara moja. Wakaona wengine wa namna ile, mwaka kwa mwaka wakiongezeka. Kisha wakaona neno la kushangaza zaidi: katika mugonjwa mumoja walikuta Shigella kaidi pamoja na Shigella ya namna ileile isiyo kaidi, na katika tumbo lilelile, bakteria nyingine kabisa, Escherichia coli, ambayo kila mutu anayo matumboni tangu kuzaliwa, nayo ilikuwa na ukaidi uleule wa dawa ine. Tuiite koli. Akiba na Ochiai, pamoja na wenzao, walijiuliza: je, koli inampa Shigella ukaidi wake, kama jirani anavyompa jirani moto? Mwaka 1959 na 1960 walionyesha ya kwamba ndivyo. Ukichanganya koli kaidi na Shigella zaifu katika chupa moja, nyuma ya muda mufupi unakuta Shigella kaidi.

Ginsi inavyofanyika ni hivi. Nje ya kitabu chake kikubwa cha urithi, bakteria inaweza kuwa na kijitabu kidogo cha mviringo, ambacho wenye elimu wanakiita plasmidi. Ndani yake mumeandikwa ngao moja, mbili, tano. Bakteria mbili zikikaribiana, moja inaunga kama daraja kwa mwenzake, inanakili kijitabu chake, inamupa nakala, nayo yenyewe inabaki na cha kwanza. Hazihitaji kuwa ndugu wala za kabila moja. Watanabe Tsutomu aliandika habari hii kwa Kiingereza mwaka 1963, ndipo Ulaya na Marekani walianza kusikia. Wajapani walikuwa wamekwisha kuandika kwa lugha yao miaka mitatu mine mbele, lakini nani aliyewasoma? Sisi tunaoandika katika lugha ambazo wakubwa hawazisomi, tunaweza kutabasamu kidogo.

Sasa wenzangu waangalie matokeo, kwani hapa ndipo jambo linaacha kuwa la maabara. Mutu mwenye mafua tu, asiye na kuhara kamwe, akila tetra siku mbili, mafua hayasikii kitu, maana tetra haiui virusi vya mafua. Lakini matumboni koli zaifu zinakufa, koli zenye kijitabu zinabaki. Tumbo lake linakuwa ghala ya ngao. Siku mikrobi ya Shiga itakapofika katika jamaa ile, itazikuta tayari, na pengine atakayekufa ni mwingine, mutoto wa jirani.

Jambo hili lilionekana kwanza kwa ukubwa katika Amerika ya Kati. Mwanzo wa mwaka 1969 kuhara damu kukali kulitokea Guatemala. Wanganga wengi walidhani ni amiba, wakatoa dawa za amiba, na watu wakaendelea kufa. (Kwetu pia, kila tumbo linalouma ni amiba, sitasema zaidi.) Ilikuwa mikrobi ya Shiga, ambayo wengi walidhani imekwisha kutoweka katika sehemu zile, na ilikuwa kaidi mbele ya sulfa, streptomisini, tetrasiklini na kloramfenikoli: zile dawa ine za Japani. Ampisilini bado iliweza. Katika Guatemala peke yake walihesabu wagonjwa zaidi ya 100.000 na wafu karibu 10.000 ao zaidi katika mwaka ule, na ugonjwa ukavuka mipaka kwenda inchi jirani.

Miaka kumi nyuma yake, zamu ikawa yetu. Mwisho wa mwaka 1979, katika kaskazini-mashariki ya inchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaire, mikrobi ya Shiga ilianza kuua. Ikashuka Kivu, ikaingia Rwanda na Burundi, ikafika Tanzania. Wazee wa parokia zetu wanakumbuka vitanda vilivyowekwa chini ya miti inje ya lopitali. Mikrobi ile ilikuwa kaidi tangu mwanzo mbele ya dawa nyingi za zamani, kati yao tetra na kloramfenikoli. Dawa iliyobaki katika dispanseri zetu ilikuwa Bactrim. Wakaitoa kwa wingi, nao walifanya vema, kwani wangefanya nini? Lakini mwaka 1982 Frost na Rowe wa London, pamoja na Vandepitte wa Leuven, waliandika katika gazeti la wanganga la Uingereza ya kwamba mikrobi ileile ya Zaire imekwisha kupata ukaidi wa Bactrim. Ilishika kijitabu kipya njiani, ugonjwa haujaisha bado.

Wakageukia asidi nalidiksiki. Dawa hii ilikuwa na sifa nzuri: wakati ule ukaidi wake haukupita kwa vijitabu. Ilibidi mikrobi ikosee yenyewe katika kunakili kitabu chake kikubwa, kama zile za Lederberg. Njia ya polepole, walifikiri. Ikawa ya polepole kweli, lakini si sana: wagonjwa walikuwa wengi, na katika kila mugonjwa mamilioni na mamilioni ya waandishi wanaonakili. Mwaka 1990, katika Burundi, walikuta mikrobi za Shiga zilizoshinda dawa zote za kunywa zilizokuwa katika dispanseri za kawaida, asidi nalidiksiki vilevile.

Ndipo ilipokuja mwaka 1994. Kati ya tarehe 14 na 18 Julai, Wanyarwanda kati ya 500.000 na 800.000 walivuka mupaka wakaingia Goma. Wasomaji wa Kivu hawahitaji mimi niwasimulie. Udongo wa Goma ni mawe ya volkano. Haukuchimbika choo, haukuchimbika kaburi. Maji yalikuwa ya Ziwa Kivu, na kila mutu alishuka kuyateka palepale. Kolera ilitangulia, nayo ilikuwa kaidi mbele ya tetra na doksisiklini. Ilipoanza kutulia, mwezi wa Agosti, mikrobi ya Shiga ikaingia katika kambi za Kibumba, Katale na Mugunga, na maabara ilipoijaribu ikaona ya kwamba haisikii dawa yoyote ya kawaida. Ilibaki siprofloksasini, wakati ule ya bei kali sana. Katika mwezi wa kwanza wa kambi zile karibu watu 50.000 walikufa, kwa kolera na kuhara zaidi ya yote. Si haki kusema ya kwamba ukaidi wa mikrobi ndio uliowaua. Kiu, njaa, msongamano na vita viliwaua. Wengi wa kolera wangeokolewa kwa maji safi yenye chumvi na sukari, yaliyonywewa kwa wakati. Lakini kwa mwenye kuhara damu ya Shiga, munganga aliyefika na mufuko wa dawa alizozoea alikuwa kama askari aliyefika vitani na bunduki pasipo risasi.

Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016, uliosoma maandiko ya urithi ya mikrobi za Shiga zaidi ya 300 zilizohifaziwa tangu 1915 hata 2011, ulifuata nyayo zake kutoka vita hata vita, kutoka msiba hata msiba. Siku hizi mikrobi hii imekuwa nadra, na hatujui kwa muda gani. Ndugu zake, ile ya Flexner na nyingine, zingali zinatembea kati yetu, na tangu miaka ya 2000 katika Asia siprofloksasini yenyewe imekwisha kushindwa na nyingi. Na kuhara ni sehemu moja tu: kwa hesabu ya mwaka 2019, watu milioni 1,27 dunia nzima walikufa kwa sababu bakteria yao ilishinda dawa, na sehemu iliyoumia zaidi, kwa kulinganisha na hesabu ya watu, ni Afrika ya magaribi.

Wenzangu mapadri na walimu wa dini wataniuliza kama ninataka wafunge kabati zao. Sitasema hivyo. Najua misioni ambazo dispanseri ya karibu iko mwendo wa siku nzima kwa miguu, na mama anayegonga mulango usiku na mutoto mwenye homa ya mapafu hawezi kungojea. Lakini nimejiuliza sana juu ya ine, ine, ine. Tumefundisha watu wetu kugawanya kile kidogo walicho nacho, nao wametusikia. Mama yule alifanya mbele yangu kile nilichokihubiri dakika chache mbele yake. Ugali ukiugawanya, kila mumoja anashiba kidogo. Antibiotiki ukiigawanya, hakuna anayepata kipimo cha kuponya, na koli za watoto watatu zimepepetwa badala ya za mumoja. Mimi ndiye niliyepaswa kujua, si yeye.

Boksi nililipeleka kwa muuguzi wa kituo cha afya, naye alitupa nusu yake kwa sababu tarehe zilikuwa zimepita. Museminari nilimuandikia barua ndefu, ambayo imekuwa makala haya. Watoto wale watatu walipona wote nyuma ya siku chache. Muuguzi aliniambia ya kwamba kuhara kwao, kusiko na damu wala homa, kungepona vilevile kwa maji, chumvi na sukari. Kazi ambayo tetra ilifanya matumboni mwao kati ya koli zao, mimi sikuiona, wala mama yao hakuiona.